Uigaji wa Mapigano kwa Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo hapa ni ya aina wanayouliza wanafunzi wa kompyuta na wa ubaharia hapa Mombasa, jamaa za wanajeshi, na wazee waliowahi kuvaa sare ambao hushangaa kusikia kwamba siku hizi vita hufanyiwa mazoezi mezani. Majibu yanahusu elimu ya uigaji kwa jumla. Mambo ya ndani ya Mtongwe, kambi ya jeshi la wanamaji la Kenya, hayamo. Ya kambi huachiwa kambi.

Uigaji wa mapigano kwa kompyuta ni nini hasa?

Ni programu inayoshika ndani yake eneo la vita, vikosi, silaha, hali ya hewa na mwendo wa saa, kisha ikaonyesha yatokanayo na amri zinazotolewa na watu au na programu yenyewe. Wanajeshi hugawa kazi hii mafungu matatu. La kwanza ni watu halisi wenye silaha halisi uwanjani, ila badala ya risasi hutumika miali ya leza inayonaswa na vipokezi vilivyofungwa mwilini na kwenye magari. La pili ni watu halisi wanaoendesha mitambo ya kuigia, kama rubani aliyekaa ndani ya chumba cha ndege isiyopaa. La tatu ni vikosi vya kubuni vinavyotembea kwenye ramani ya kompyuta huku maofisa wakitoa amri tu. Mkuu wa kikosi kidogo hufaidika zaidi na mafungu mawili ya mwanzo, lakini jenerali na maofisa wake wa mipango aghalabu hutegemea la tatu, kwa sababu hakuna nchi inayoweza kutoa askari maelfu kila mwezi ili makao makuu yajifunze kuandika amri zinazoeleweka.

Yafaa pia kutenganisha matumizi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Katika mafunzo, zao la kazi ni ofisa aliyekosea leo mbele ya skrini ili asikosee kesho mbele ya askari wake. Programu ikiwa na kasoro ndogo, si neno, maadamu imemlazimisha kufikiri. Katika mipango, zao ni jibu litakalowekwa mezani pa mkuu ambaye ataamua kwalo kununua manowari, kuhamisha brigedi au kuacha shambulio. Kasoro ileile ambayo katika mafunzo haikumdhuru mtu, hapa yaweza kugharimu roho za watu.

Je, mambo haya yalianza na kompyuta?

Hapana. Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia mchezo wake wa vita mwaka 1812, na mwanawe, Georg Heinrich, akatoa kanuni zilizoboreshwa mwaka 1824. Maofisa walisogeza vibao juu ya ramani ya kipimo cha 1:8,000, dadu zikaamua hasara, na mwamuzi peke yake ndiye aliyeona mahali pa vikosi vyote. Kompyuta ilirithi dadu na mwamuzi, ikaongeza kasi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Liverpool. Kuanzia mwaka 1942, Gilbert Roberts wa jeshi la wanamaji la Uingereza, pamoja na wasichana waliojiunga na tawi la wanawake la jeshi hilo, waliendesha kituo kilichochunguza mbinu za nyambizi za Ujerumani katika bahari ya Atlantiki. Sakafu ya chumba ilikuwa ndiyo bahari. Makamanda wa meli za kusindikiza walikaa nyuma ya mapazia yenye matundu, wakaonyeshwa kile tu ambacho wangekiona wakiwa melini usiku. Maofisa karibu 5,000 walipitia mafunzo hayo kabla ya vita kwisha, na mbinu zilizobuniwa juu ya sakafu ile zilitumika baharini. Hapakuwa na hata kompyuta moja chumbani. Anayedhani kwamba thamani ya kazi hii imo katika picha nzuri za skrini na autafakari mfano huo.

Kompyuta hujuaje kwamba fulani amepigwa?

Huanza na kuona. Kabla ya swali la kupiga, programu huuliza kama mshambuliaji anaweza kumwona mlengwa: je, kuna kilima, jengo au mkunjo wa ardhi katikati yao? Baharini, mkunjo wenyewe ni wa dunia. Rada iliyowekwa mita 16 juu ya maji, katika hali ya kawaida ya hewa, hupoteza chombo chenye kimo cha mita 4 kikiwa umbali wa takriban kilomita 25. Mawimbi makubwa ya kusi hupunguza umbali huo zaidi, kwa kuwa mwangwi wa mashua ya mbao humezwa na mwangwi wa maji.

Mlengwa akishaonekana, programu hutafuta katika majedwali yake uwezekano wa silaha ile kumpiga kwa umbali ule. Tuseme ni asilimia 30. Kompyuta huchota nambari ya bahati nasibu kati ya 0 na 1. Ikiwa chini ya 0.3, amepigwa. Kisha huchota nyingine ili kuamua kama kipigo kimemwua, kimemlemaza au kimekwaruza rangi tu. Kazi hiyo hufanyika mara maelfu kwa dakika.

Hesabu ya Lanchester ni ipi, na kwa nini bado hutajwa?

Frederick Lanchester alikuwa mhandisi Mwingereza wa magari na ndege. Mwaka 1916 alichapisha milinganyo inayoeleza jinsi vikosi viwili vinavyopunguzana; mwaka mmoja kabla yake, M. Osipov wa Urusi alikuwa amefikia jambo hilohilo kwa njia yake. Kiini chake ni kwamba pale ambapo kila askari anaweza kumlenga adui yeyote, nguvu ya kikosi haiendi kwa idadi yake bali kwa idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe.

Chukua askari 100 dhidi ya 60, ubora wa silaha ukiwa sawa. Mtu angetarajia kwamba 60 watakapokwisha, upande mkubwa utabaki na 40. Hesabu inasema vingine: 100 mara 100 ni 10,000, 60 mara 60 ni 3,600, tofauti ni 6,400, ambayo ni 80 mara 80. Upande mkubwa unabaki na askari 80. Sasa wale 60 wakifanya kosa la kuja kwa makundi mawili ya 30, kundi la pili likifika baada ya la kwanza kwisha, upande mkubwa unabaki na takriban 91. Hapo ndipo kamanda kijana anapoona kwa macho yake kwa nini alifundishwa asigawanye jeshi lake mbele ya adui. Na upande wenye nusu ya watu, ukitaka kulingana, unahitaji silaha zenye ubora mara nne, si mara mbili.

Programu kubwa zinazoshughulikia divisheni nzima zimetumia jamii ya milinganyo hii kwa miaka mingi, kwa kuwa kumfuata kila askari mmoja mmoja kungeilemea kompyuta na kumlemea msomaji wa matokeo. Udhaifu wake ni kwamba haimjui mtu anayekimbia. Majeshi mengi hayapigani hadi mtu wa mwisho. Huvunjika moyo mapema, na wakati wa kuvunjika hutegemea uongozi, chakula na habari za nyumbani.

Kwa nini zoezi moja huendeshwa mara mia au elfu?

Kwa sababu bahati imo ndani yake, na tokeo moja halimwambii mtu lolote la kutegemewa. Mbinu ya kurudia hesabu kwa nambari za bahati nasibu ilikuzwa miaka ya 1940 na Stanislaw Ulam na John von Neumann huko Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, ikapewa jina la Monte Carlo, mji wa kamari. Kanuni yake ya gharama ni ngumu: ukitaka kupunguza shaka kwa nusu, uongeze marudio mara nne.

Kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu kunalieleza jambo hili kuliko mfano wowote wa kubuni. Waomani waliizingira ngome, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, mnamo Machi 1696, nayo ikaanguka Desemba 1698. Anayetaka kuiga vita hivyo kwa milinganyo ya Lanchester atapoteza wakati wake, kwa maana maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko risasi. Msafara wa msaada kutoka Goa, makao ya Wareno huko India, ulifika Desemba 1696. Hata hivyo, katika mwaka uliofuata ilifika siku ambapo Wareno wa mwanzo walikuwa karibu wamekwisha, na ulinzi ukashikwa na Sheikh Daud wa Faza na watu wake, pamoja na Waafrika waliokuwamo ngomeni, wake kwa waume. Na ngome ilipokwisha kuanguka, meli nyingine za Goa zilitokea siku chache baadaye, zikaona bendera ya Waomani juu ya kuta, zikageuza.

Mwenye kuandika programu ya vita hivi atalazimika kuweka akiba ya nafaka na maji, kasi ya ugonjwa ndani ya kuta, mashua za wenyeji zinazopenyeza chakula usiku, na juu ya yote pepo za msimu, ambazo ndizo zilizoamua lini meli zingeweza kuvuka bahari kutoka India. Kisha ataiacha tarehe ya kufika kwa meli ichaguliwe kwa bahati ndani ya mipaka ya kaskazi, naye ataiendesha programu mara elfu. Katika baadhi ya marudio meli zitawahi. Katika mengine zitachelewa kwa mwezi. Atakachopata mwishoni ni kipimo cha jinsi hatima ya ngome ilivyotundikwa kwenye siku chache za upepo, na hicho ni kitu ambacho tokeo moja, hata lile lililotokea kweli, haliwezi kukionyesha. Kwa maoni yangu, meli zile zingewahi, zingewanunulia Wareno miezi, si miaka. Maradhi yangalibaki ndani pamoja nao. Lakini hayo ni maoni, na programu iliyoandikwa vizuri ingeweza kunisuta.

Kwa hiyo inaweza kutabiri mshindi wa vita?

Hapana, na mtu anayeiuza kwa ahadi hiyo asisikilizwe. Inachoweza ni kuonyesha kwamba mpango fulani hauwezi kufaulu hata dhana zote zikiupendelea, au kwamba mipango miwili hutofautiana katika jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria, kwa mfano idadi ya malori ya mafuta. Wachezaji wa bao huona kete zote ubaoni tangu mwanzo; vitani kete nyingi zimefichwa, na nyingine zina akili zao. Swali la kwanza la kuuliza mbele ya matokeo yoyote ni: ni dhana gani zilizoingizwa, na ni nani aliyeziingiza?

Mitambo ya vifaru au ndege iliyo miji tofauti huwezaje kupigana pamoja?

Chanzo chake ni mradi wa SIMNET, ulioanzishwa mwaka 1983 na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, chini ya uongozi wa Jack Thorpe. Vyumba vya vifaru zaidi ya 200 viliunganishwa kwa mtandao. Kwa kuwa mitandao ya wakati ule ilikuwa dhaifu, wahandisi walitumia hila ya ubaharia wa zamani, ile ya kukadiria mahali pa chombo kwa kujua kilipotoka, mwelekeo wake na kasi yake. Kila kompyuta ilikadiria yenyewe mahali pa vifaru vya wengine, na kila kifaru kilituma habari mpya pale tu kilipobadili mwendo kiasi cha kuyapotosha makadirio hayo. Kifaru kinachokwenda mbele moja kwa moja karibu hakikuhitaji kusema kitu.

Uamuzi wao wa pili ulikuwa wa busara vilevile: chumba hakikuwekewa kila swichi ya kifaru halisi, bali zile tu ambazo askari alizihitaji ili afanye kazi na wenzake. Nyingine zilichorwa ukutani. Lengo lilikuwa kufundisha vikosi kushirikiana, na kwa lengo hilo swichi iliyochorwa ilitosha.

Kutokana na kazi hiyo zilitoka kanuni za pamoja za kubadilishana data, yaani IEEE 1278 mwaka 1993 na IEEE 1516 mwaka 2000, ambazo huwezesha mitambo ya watengenezaji tofauti kukutana katika zoezi moja. Aidha, baada ya mapigano ya vifaru ya 73 Easting, kati ya Marekani na Iraki katika vita vya Ghuba, tarehe 26 Februari 1991, watafiti wa Marekani waliwahoji washiriki na kuyajenga upya mapigano hayo ndani ya kompyuta, hata mtu akaweza kuyatazama kutoka upande wowote na kuuliza ingekuwaje kama hali ingekuwa tofauti.

Ina tofauti gani na michezo ya video?

Teknolojia ni ndugu moja. Mwaka 1996 kikosi cha Marine cha Marekani kilibadilisha mchezo wa Doom II ili kufundishia makundi madogo ya askari. Tofauti imo katika data na katika kikao kinachofuata. Mchezo hutengenezwa ili mchezaji arudi kesho. Zoezi la kijeshi huwa halijakwisha hadi washiriki waketi, rekodi ichezwe upya, na kila mmoja aeleze kwa nini alitoa amri aliyoitoa. Wakufunzi wengi watakwambia kwamba mafunzo yenyewe huanzia kwenye kikao hicho.

Nani hucheza upande wa adui?

Hili ndilo jambo linalovuruga mazoezi mengi kuliko kasoro zote za programu. Kwa desturi kuna upande wa bluu, ambao ni wetu, upande mwekundu, ambao ni adui, na waamuzi katikati. Mwekundu akizuiwa kushinda, zoezi linakuwa sherehe.

Mnamo Mei 1942 maofisa wa Japani walijaribia mezani mpango wao wa kushambulia Midway, kisiwa cha Marekani katika bahari ya Pasifiki, ndani ya manowari Yamato. Mwamuzi alirusha dadu akapata kwamba ndege za Marekani zimepiga mabomu 9 na kuzamisha meli mbili za kubeba ndege, Akagi na Kaga. Matome Ugaki, mnadhimu mkuu aliyesimamia zoezi, aliamuru mabomu yahesabiwe 3 tu, na Akagi ikanusurika. Baadaye hata Kaga iliyozama ilirudishwa mchezoni. Katika mapigano yenyewe, yaliyoanza Juni 4, Japani ilipoteza Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Wenyeji wa Mombasa wana sababu ya kuyakumbuka majina hayo: Akagi, Soryu na Hiryu zilikuwamo katika kundi lililoshambulia Colombo na Trincomalee, bandari za Sri Lanka ya leo, mwezi wa Aprili mwaka huohuo, na shambulio hilo ndilo lililowafanya Waingereza wahamishie Kilindini makao ya manowari zao za Bahari ya Hindi.

Miaka 60 baadaye, Marekani ilifanya zoezi la Millennium Challenge 2002, lililogharimu takriban dola milioni 250. Paul Van Riper, jenerali mstaafu wa Marine, alicheza adui. Alijua kwamba redio zake zingesikilizwa, hivyo akatuma ujumbe kwa pikipiki; kisha akafyatua makombora mengi kwa mara moja na kutuma mashua ndogo kwa wingi, akazamisha manowari 16 za upande wa bluu. Wasimamizi waliziibua manowari hizo na zoezi likaendelea kwa masharti yaliyombana Van Riper, naye akajitoa. Wasimamizi nao walikuwa na hoja: askari halisi walikuwa wakisubiri uwanjani, na palikuwa na mambo mengine ya kujaribu. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama ripoti ya siku ya kwanza ingepewa nafasi sawa na ripoti ya mwisho.

Bandari kama Kilindini huwekwaje ndani ya kompyuta?

Kina cha maji na umbo la mlango huchukuliwa kwenye ramani za baharini. Kupwa na kujaa kwa maji lazima kuwemo, kwani wakati wa bamvua tofauti hupita mita 3, na mwamba unaopitika kwa mashua saa moja unakuwa ukuta saa nyingine. Hayo ni mepesi. Ugumu umo katika watu wasiohusika. Meli za kusafiri kimataifa zenye ukubwa wa tani 300 au zaidi hutakiwa kubeba kifaa kinachotangaza jina na mwendo wao. Ngalawa ya mvuvi haina. Feri za Likoni hukata mlango uleule unaotumiwa na meli za makontena, zikiwa zimejaa abiria asubuhi na jioni.

Programu isiyokuwa na wavuvi na feri itamfundisha mlinzi kufyatua haraka, na hilo ni somo baya. Inayofaa huwa na mvuvi anayeielekea manowari kwa sababu nyavu zake ziko njiani, nahodha wa jahazi asiyejibu redio kwa kuwa hana, na mashua moja tu kati ya hizo yenye nia mbaya. Alama za ofisa hutolewa pia kwa mara alizojizuia kufyatua.

Takwimu za silaha hutoka wapi?

Kwenye viwanja vya majaribio, katika hesabu za wahandisi na katika kumbukumbu za vita vilivyopita. Zilizo sahihi mno ni siri; kwa hiyo mazoezi ya pamoja ya nchi kadhaa aghalabu hutumia nchi za kubuni na takwimu za kukubaliana.

Akili mnemba imebadilisha nini?

Mnamo Agosti 2020, katika mashindano ya DARPA, programu ya kampuni ya Heron Systems ilimshinda rubani wa ndege ya kivita ya F-16 kwa mapambano 5 kwa 0, wote wakiwa ndani ya uigaji. Habari ilienea kwa sifa nyingi, ila jambo moja halikusomwa na wengi: programu ilipewa habari kamili za mahali alipo mpinzani kila wakati, nayo ilipenda kufyatua uso kwa uso, jambo ambalo marubani hukatazwa mafunzoni kwa hofu ya kugongana. Akili mnemba hutafuta mwanya katika dhana za programu kwa bidii isiyochoka. Manufaa yake makubwa kwa sasa, nionavyo, ni kucheza upande mwekundu, maana haimwogopi mkuu aliyeketi mbele.

Kijana wa Mombasa anayetaka kuingia katika fani hii aanzie wapi?

Aanze na takwimu na uwezekano, kisha lugha moja ya programu, kisha jiografia ya ramani za kompyuta. Asidharau upande wa kiraia: mkataba wa kimataifa wa STCW unadai mabaharia wafunzwe rada kwa mitambo ya kuigia, na ujuzi wa kutengeneza mazoezi ya meli ni uleule kwa sehemu kubwa.

Kwa kazi ya mikono, hahitaji zaidi ya kompyuta ya kawaida yenye programu ya majedwali. Aweke safu mbili, moja ya askari 100 na nyingine ya 60, na kila mstari upunguze kila upande kwa sehemu ya mia moja ya idadi ya upande wa pili. Aendelee hadi safu ya 60 ifike sifuri; safu ya 100 ikibaki na karibu 80, amefaulu. Kisha abadilishe upungufu huo uwe wa bahati nasibu, aendeshe mara mia, na achore jinsi matokeo yalivyotawanyika. Hapo atakuwa amefika mahali ambapo maswali yake hayataweza tena kujibiwa na ukurasa wa aina hii.